Yamaha ya Bwana Shamba: Uchambuzi wa Kisa cha Kuuza Pikipiki ya Zamani ya Kijapani

## Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha familia moja ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kwa makubaliano nao nimeondoa majina, kijiji na tarehe. Bei nazo nimezigeuza kuwa uwiano: ahadi kubwa kuliko zote iliyotolewa naiita 100, na nyingine zote zinapimwa kwa hiyo. Mimi niliingia katikati, nilipoitwa na binti wa familia kukagua pikipiki na kusema ina thamani gani. Yaliyotangulia nimeyapata kwa kuwasikiliza mzee, bintiye, mwanawe wa kiume, fundi na mnunuzi wa kwanza, kila mmoja kwa wakati wake.

## Usuli

Mzee ni bwana shamba mstaafu, umri wake umeshavuka miaka 70. Kijijini haitwi kwa jina. Ni "Bwana Shamba" tu, hata kwa watoto waliozaliwa akiwa ameshastaafu. Kazi yake ilikuwa kahawa: kukagua mibuni, kufundisha kupogoa, kufuatilia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani kutoka kitongoji hadi kitongoji, kwenye njia ambazo gari halipiti masika.

Alianza kazi kwa baiskeli. Baadaye mradi ukampa Honda XL125S. Mradi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyombo vyake vilikusanywa, Honda akaikabidhi, na vingi vikaishia mnadani. Kwenye mnada huohuo alinunua kwa fedha zake Yamaha DT175 iliyokuwa ikitumiwa na idara nyingine. Hiyo ndiyo pikipiki ya kisa hiki.

Msomaji aliyezoea bodaboda za leo anahitaji maelezo kidogo hapa. Ukoo wa DT ulianza mwaka 1968 na DT-1 ya cc 250, ambayo Yamaha iliitengeneza ikilenga soko la Marekani: chombo kimoja cha kwenda nacho kazini na kupandia nacho vilima. DT175 ina silinda moja ya cc 171 na injini ya mipigo miwili, ile inayounguza oili ya 2T na kuacha moshi wa samawati. Huku kwetu ilikuja kwa mlango wa serikali, misheni na miradi, pamoja na Yamaha AG100, Suzuki TS, Honda XL na Honda CG125. Hiyo CG125, iliyotoka mwaka 1976, Honda waliiundia injini rahisi ya fito za kusukuma valvu, kwa ajili ya nchi ambako matunzo ni haba. Injini nyingi za Kichina tunazoziona vijiweni leo zimenakiliwa kutoka kwake. DT haikupata bahati hiyo ya kunakiliwa kwa wingi, ndiyo maana spea zake halisi zimekuwa adimu na pikipiki nzima imeanza kutafutwa.

Mzee aliiendesha hadi magoti yakakataa kupiga kiki. Akaiegesha kwenye banda nyuma ya jiko, juu ya mbao ili matairi yasiguse udongo, akaifunika turubai. Ikakaa zaidi ya miaka 10.

## Mfuatano wa matukio

Aliyetaka kuuza ni mzee mwenyewe. Hili nalitaja mapema kwa sababu katika visa vingi vya namna hii watoto ndio hushinikiza na mzee ndiye hulia. Hapa mkewe alihitaji upasuaji wa mtoto wa jicho, na mzee alitaka sehemu ya gharama itoke kwake, isitoke yote kwa watoto. Akampigia bintiye mkubwa: "Mama, ile Yamaha itafutie mtu. Mtu wa kuiendesha."

Binti akatangaza kwa watu anaofahamiana nao. Wa kwanza kuja alikuwa dalali wa vyuma na spea, akatoa 20. Hakuiwasha wala kuinama. Aliipima kwa macho akafanya hesabu ya fremu, rimu na injini kama vipande.

Wa pili alikuwa mkusanyaji wa pikipiki za kale anayeishi mji mwingine. Yeye hakuja kwanza, aliomba picha: namba shingoni mwa fremu, namba kwenye injini, tanki pande zote mbili, chini ya kiti, pampu ya oili, ekzosi kuanzia bloku hadi mwisho. Alipoziona namba zinalingana akaahidi 100, kwa sharti la kukagua kwa mikono yake. Akaongeza masharti matatu: isioshwe kwa mashine ya presha, isipakwe rangi, isijaribiwe kuwashwa.

Sharti la tatu lina sababu ya kiufundi. Injini ya mipigo miwili iliyolala miaka mingi hukauka sili za krenki. Ukiiwasha hivyohivyo, hewa hupenya pasipotakiwa, petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa hiyo, pistoni inapata moto na kushika kwenye bloku. Isitoshe, mrija wa oili huwa umeingia hewa, kwa hiyo dakika za mwanzo pampu inazunguka bila kutoa kitu.

Binti aliyapokea masharti, lakini alichomwambia mdogo wake kwenye simu kilikuwa kifupi: "Kuna mtu anainunua, usiiguse." Kitinda mimba huyo, anayefanya kazi mjini na mwenye uwezo kiasi, ndiye pekee katika familia aliyekuwa hataki iuzwe. Alichukua likizo, akaja na gari la kukodi, akaipakia pikipiki na kuipeleka gereji ya mjini. Alivyoniambia baadaye, aliamini kwamba wazazi na dada yake wakiiona inang'aa na inanguruma, hakuna atakayekuwa na moyo wa kuiuza. Na kama bado wangetaka kuuza, basi bei ingepanda.

Fundi alifanya alichoagizwa, na alikifanya kwa bidii. Bloku ikachongwa na kuwekwa pistoni kubwa kidogo. Tanki likapigwa msasa hadi bati tupu, likapuliziwa rangi nyekundu. Kibandiko cha kiwanda kikaondoka pamoja na rangi ya fremu. Wayaringi wote ukang'olewa na kuwekwa wa bodaboda. Kabureta ya Mikuni ikabadilishwa kwa nakala mpya. Ekzosi iliyokuwa na kutu ikakatwa katikati, nusu ya nyuma ikatupwa kwenye rundo la vyuma na mahali pake ukaunganishwa mrija mwingine. Pampu ya oili ikatolewa na tundu lake kuzibwa kwa kibati, mwenye chombo akaambiwa achanganye oili moja kwa moja kwenye petroli. Kiti kikashonwa upya kwa reksini nyeusi yenye uzi mwekundu.

Hapo ndipo binti alipoarifiwa, kwa picha, naye akaniita.

Nilipofika gereji nilianza shingoni mwa fremu. Rangi ilikuwa nzito lakini namba ilisomeka kwa kidole. Yamaha nyingi za enzi hizo zilitoka kiwandani namba ya injini na ya fremu zikiwa sawa, na hapa bado zilikuwa sawa, fundi hakuzigusa. Hilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona siku hiyo. Injini ilipigwa kiki mara moja ikawaka, sauti safi, bila mlio wa pistoni kulegea.

Tukairudisha kijijini. Mzee alitoka na fimbo yake, akaizunguka taratibu, akapitisha kiganja juu ya tanki. "Umeipaka vizuri," akamwambia mwanawe. Akakaa kimya kidogo. "Ila nyekundu ilikuwa Honda, baba. Ile ya mradi. Niliirudisha ukiwa na miaka minne."

Kijana alikuwa akibebwa juu ya tanki la Honda alipokuwa mdogo kabisa, mikono yake miwili juu ya bati jekundu, baba yake nyuma. Ndicho alichokihifadhi. Yamaha nyeupe ndiyo iliyompeleka shule miaka yote iliyofuata, na rangi yake hakuikumbuka kabisa.

## Maamuzi na sababu zake

Kikao cha familia kilifanyika jioni hiyohiyo. Mezani kulikuwa na njia tatu.

Mkusanyaji, alipopelekewa picha mpya, alishuka kutoka 100 hadi 40. Alikuwa mwungwana: alieleza kwamba namba zinazolingana bado zina thamani kwake, lakini kurudisha kibandiko, wayaringi, kabureta na ekzosi vya asili kungemgharimu kuliko pikipiki yenyewe, na vingine asingevipata.

Njia ya pili ilikuwa kutouza. Kijana aliipendekeza bila nguvu tena, na mama mwenyewe ndiye aliyeikataa: macho yake hayakuwa ya kungoja.

Ya tatu alikuja nayo mzee. Afisa mifugo kijana wa kata jirani alikuwa ameshaulizia mara mbili. Njia zake ni zilezile za milimani, na pikipiki aliyonayo ni nzito na iko chini mno kwa mawe ya kule. Akaitwa kesho yake. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee hakuzungumza bei kwanza. Alimuuliza: "Mteremko mrefu unaushukaje?" Kijana akajibu kwamba huacha gia ya chini ishike na hufunga mafuta. Mzee akanigeukia mimi na fundi: "Basi pampu irudi kabla hajaipanda."

Uamuzi huo ni wa mtu anayekijua chombo chake. Autolube, mfumo ambao Yamaha iliuanzisha miaka ya 1960, una pampu ndogo inayopeleka oili kwenye injini kwa kufuata kasi ya injini pamoja na mkono wa mafuta. Ukichanganya oili kwenye petroli, oili inafika pale tu petroli inapofika. Unaposhuka kilometa kadhaa mkono wa mafuta ukiwa umefungwa na injini ikizungushwa kwa nguvu na gurudumu, petroli inayopita ni kidogo sana, na oili nayo hivyohivyo. Injini inazunguka karibu kavu. Tambarare unaweza usione tatizo miaka mingi, lakini kwenye milima ile pistoni haidumu.

Bei ilikubaliwa 55: 35 siku ya kukabidhiana, 20 baada ya kadi ya usajili kuhamishwa. Sababu ya kugawa malipo ni kwamba kadi ilikuwa bado na jina la idara iliyokuwa ikiitumia. Tangu mnada mzee hakuwahi kubadilisha umiliki, jambo la kawaida kwa vyombo vilivyotoka serikalini wakati ule. Kilichowaokoa ni stakabadhi ya mnada, aliyoitunza kwenye kopo la chai pamoja na kadi za kliniki za watoto. Binti ndiye aliyelibeba suala lote la TRA, mamlaka ya mapato, akaandika na mkataba wa mauziano wenye mashahidi wa pande zote mbili.

## Matokeo

Pampu ilipatikana gereji ikiwa ndani ya ndoo ya mabaki, nzima. Ilisafishwa, mrija ukatolewa hewa, ikafungwa na kupimwa. Nusu ya ekzosi ilifukuliwa kwenye rundo na kuchomelewa upya. Kabureta ya asili fundi alikuwa ameshaiuza. Rangi nyekundu ilibaki, mnunuzi hakujali.

Kwa fedha tupu hesabu ni hii: kijana alitumia 24 gereji, na kurudisha pampu na ekzosi kulikula 4. Ukitoa hizo kwenye 55, familia ilibaki na 27. Dalali angewapa 20 bila kazi yoyote. Mkusanyaji angewapa 100 kama turubai lisingeondolewa. Upasuaji ulifanyika, na pengo kijana alilijaza mwenyewe bila kuombwa. Malipo ya pili yalichelewa kwa sababu uhamisho wa kadi ulichukua muda, lakini yalilipwa yote.

## Uchambuzi

Nianze na rangi, kwa sababu ndiyo inayopotosha watu wengi. Kwenye soko la pikipiki za kale, rangi ya kiwanda iliyochunika ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa, na mwuzaji wa kwetu hili humshangaza kila mara. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Honda CB750 ya mwaka 1969. Zile za mwanzo kabisa, takriban 7,400, makasha ya injini yalisubiwa kwenye kalibu za mchanga, baadaye Honda wakahamia kalibu za chuma. Uso wa kasha la mchanga ni mkwaruzo. Mtu asiyejua anaweza kuupiga msasa akidhani anausafisha, kumbe anafuta kilekile ambacho mkusanyaji anakilipia. DT175 haiko kwenye daraja hilo la bei, lakini kanuni ni hiyohiyo: kitu kinaweza kupakwa rangi upya mara nyingi, uasili kinakuwa nao mara moja.

Je, mkusanyaji basi ndiye aliyekuwa na haki? Kwa bei, ndiyo. Kwa pikipiki yenyewe sikubali moja kwa moja. Chombo hiki kiliundwa kupanda vilima, na mzee alisema tangu simu ya kwanza kwamba anataka mtu wa kuiendesha. Ahadi ya 100 haikutimiza ombi hilo, na hakuna aliyelitaja tena mpaka yeye mwenyewe alipolirudia. Kinachonivutia ni pampu. Mkusanyaji aliitaka kwa sababu ni ya asili, mzee aliitaka kwa sababu ya mteremko. Kwenye vyombo vilivyobuniwa vizuri mambo haya mawili hukutana mara nyingi, na ndiyo sababu mimi humsihi fundi asing'oe kitu kwa sababu tu hajakizoea.

Sasa kumbukumbu. Watu watatu walikuwa wakiitamani pikipiki moja, na hawakuwa wakitamani kitu kimoja. Mkusanyaji alitaka hali ya kiwandani. Mzee alitaka kazi: milima, mashamba, mtu wa kufika mahali. Kijana alitaka tanki jekundu chini ya mikono yake ya miaka minne, nalo halikuwahi kuwa la Yamaha hii. Kama kabla ya kwenda gereji angemuuliza baba yake swali moja tu, "Ilikuwa rangi gani?", Honda ingetajwa palepale. Mapenzi yake yalikuwa ya kweli kabisa, na fedha yake ilitoka mfukoni kwa moyo mweupe. Ila alikuwa anafufua chombo kilichokwisha kupigwa mnada kabla hajaanza shule. Siku hizi nikiitwa na familia huwaomba kila mmoja anieleze pikipiki anayoikumbuka, peke yake, wengine wakiwa hawapo: rangi, mlio, ilibeba nini, ilianguka wapi. Maelezo yakipishana, spana hazitoki kwenye mkoba mpaka yaelewane.

Binti alifanya karibu kila kitu sawa, hasa nyaraka. Palipoteleza ni ile simu ya "usiiguse". Alikuwa na masharti matatu yenye sababu, akayafupisha kuwa katazo, na katazo lisilo na sababu kwa mdogo wake aliyekuwa ameshapinga mauzo lilikuwa sawa na kumwambia afanye haraka. Angemwambia kwamba kuiwasha kunaweza kuua pistoni, na kwamba rangi itapunguza bei zaidi ya nusu, kwa namna ninavyomjua kijana yule angesimama.

Fundi simlaumu. Bloku aliichonga vizuri kuliko wengi, na hakugusa namba. Hakuna aliyemwambia kwamba ni pikipiki ya kuuzwa kwa mkusanyaji. Yeye aliambiwa "ifanye mpya", akaifanya mpya kwa spea alizonazo. Jambo moja tu ningemtaka abadilishe, na tumelizungumza: kila anachokitoa kwenye chombo cha zamani akiweke kwenye mfuko wenye jina la mwenye chombo, akikabidhi pamoja na pikipiki. Kabureta ile ya Mikuni iliuzwa kwa bei ndogo kuliko galoni ya rangi.

Dalali wa 20 hakudanganya mtu. Alitoa bei ya vipande kwa kuwa biashara yake ni vipande.

Kuhusu kadi: bila ile stakabadhi ya mnada, sina hakika mauzo haya yangefika mwisho kwa bei yoyote isipokuwa ya dalali. Pikipiki nyingi za miradi zimelala mabandani zikiwa na majina ya idara zilizokwisha kuvunjwa, na wanaojua zilipatikanaje wanazeeka. Kama kwenu ipo moja, mkae na mzee wakati bado anakumbuka ni mnada gani, nani alisimamia, karatasi iko wapi. Kazi hiyo haihitaji fundi wala mnunuzi, inaweza kufanyika Jumapili hii.

Kijana amenipigia wiki chache zilizopita. Amesikia kuna Honda XL125S nyekundu, nzima, kwenye ua wa parokia moja, na wenyewe wako tayari kuiachia. Alinitumia picha ya tanki. Nimemwambia anitumie picha ya kadi kwanza, halafu ya shingo ya fremu.